Rangi ipi itashika kwenye tairi laini? Mwongozo wa vinaili kwenye modeli za magari na vifaru

Datsun 240Z yangu ya kwanza, ya kipimo cha 1/24, nyekundu yenye boneti nyeusi kama lile gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, ilikaa rafuni miezi miwili bila kuguswa. Siku niliyoiinua, gazeti nililotandika chini yake likainuka nalo. Matairi yote manne yalikuwa yamenata kama peremende iliyolambwa ikaachwa. Nilikuwa nimeyapaka rangi nyeusi ya mafuta, ile ile ya kupaka mageti. Geti la nyumbani lilikauka kwa siku moja. Tairi halikukauka siku hiyo, wala mwezi huo, na katikati ya rangi vilishaganda vumbi, nywele za paka na mguu mmoja wa mdudu nisiyemjua.

Rangi ile haikuwa mbovu, na matairi hayakuwa mabovu. Ni mimi niliyeviozesha bila kuuliza ukoo.

Vinaili ni PVC. Kwa asili PVC ni ngumu, kama mabomba ya maji yanayofukiwa uani. Ili ilainike kiasi cha kuvishwa kwenye rimu, kiwandani huchanganywa na kimiminika cha mafutamafuta kiitwacho plastisaiza. Hapa nitakiita kilainishi. Kilainishi hakijafungamana na PVC, kimejibanza tu ndani yake, na polepole hutoka nje kama jasho. Kikikuta rangi juu, kinaingia humo. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni na kugeuka utando mgumu, na kilainishi kikishaingia, utando huo unabaki ulimbo. Joto huongeza kasi ya jasho hilo, kwa hiyo sisi wa pwani tunalipata tatizo hili mapema kuliko mtu anayeunda modeli yake Uingereza.

Kwa sababu hiyo, unapochagua rangi usianze na weusi wake. Anza na swali hili: sehemu hii ikishapakwa, itapindwa tena? Tairi linavishwa mara moja na kutulia. Mnyororo wa kifaru unapinda kwenye kila gurudumu na kuvutwa maisha yake yote. Rangi inayolifaa la kwanza inaweza kupasuka kwenye la pili ndani ya dakika.

Jua kwanza umeshika nini

Si kila kilicho laini kwenye boksi ni vinaili. Tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji, ukisugue kwa kidole ili viputo vya hewa vitoke. Kikielea, si vinaili, maana PVC ni nzito kuliko maji. Kinachoelea mara nyingi ni polithini, kama vile vijikofia laini vya ekseli ambavyo Tamiya, kampuni ya Kijapani ya modeli, huvificha ndani ya magurudumu. Polithini haishiki rangi. Bahati nzuri vijikofia hivyo havionekani, viache vilivyo.

Jaribio la pili ni la gundi. Kata kipande cha fremu ile laini inayoshikilia sehemu zikiwa kwenye boksi, si cha sehemu yenyewe, kitonee gundi ya kawaida ya modeli. Vinaili ya zamani haishughuliki: gundi inakauka juu yake na kubanduka kama gamba. Kipande kikiyeyuka na kushikana na plastiki ngumu, umepata ile aina mpya. Seti nyingi za vifaru za Tamiya za miaka ya karibuni zina minyororo ya namna hiyo, na karatasi ya maelekezo husema wazi kwamba inakubali gundi na rangi za kawaida. Ukiwa nayo, nusu ya mwongozo huu haikuhusu.

Kuna watu watakaokushauri uchome kipande kwa kiberiti uone moshi wake. Usifanye hivyo. PVC ikiungua hutoa hidrojeni kloridi, gesi inayochoma koo na macho.

Tena kuna herufi zinazopoteza watu dukani. Makopo ya Tamiya yaliyoandikwa PS ni ya maganda ya polikaboneti ya magari ya rimoti, hayahusiani na polistirini, yaani plastiki ngumu ya modeli, ambayo nayo hufupishwa PS. Ya plastiki hiyo ni TS. Mtu husikia kwamba PS inakubali kupinda, akaipuliza juu ya matairi yakiwa tayari kwenye gari, na ile inayomwagikia bodi inaila plastiki.

Huenda huhitaji rangi kabisa

Tairi la vinaili limetoka kiwandani jeusi. Kinacholifanya lifanane na kidude cha kuchezea ni kung'aa kwake, pamoja na ule mstari wa kalibu unaolizunguka katikati. Vyote viwili vinaondoka kwa msasa. Lichomeke kwenye mpini wa brashi au kalamu inayolingana na tundu lake, lizungushe juu ya msasa wa namba 320 hadi mstari upotee, kisha umalizie na 400. Sehemu inayogusa barabara itabaki na rangi ya kijivu iliyochakaa, hasa kama tairi lililotembea. Kuta za pembeni zipitie kidogo tu, usije ukafuta maandishi.

Kwa magari mengi ya kawaida mimi huishia hapo. Nikipaka tairi, ninapaka kwa sababu: vinaili imetoka na weusi wa mkaa usiofaa, au nataka tairi kuukuu, au tairi la akiba lionekane jipya kuliko mengine manne. Kama huna sababu, weka brashi chini. Utando ambao haupo hauwezi kupasuka.

Kuosha

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi, halafu lawama zote zinakwenda kwa rangi. Vinaili hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na juu yake kuna lile jasho la kilainishi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki mkuukuu. Suuza, kausha, kisha ufute kwa kitambaa kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili. Futa, usiloweke.

Angalia chupa unayonunua duka la dawa. Spiriti ya kusafishia ngozi iliyotengenezwa kwa kanuni ya Kiingereza ina mafuta ya mbarika ndani yake. Ni mazuri kwa ngozi yako, lakini hapa utakuwa unafuta mafuta kwa mafuta. Petroli, tapentaini na thina ya rangi ya magari usiziguse katika hatua hii. Zinanyonya kilainishi, na tairi linaweza kukakamaa au kuvimba.

Baada ya kufuta, shika kwa kibanio au glovu. Alama ya kidole chenye jasho itaonekana siku rangi itakapobanduka, ikiwa na umbo lile lile la kidole.

Kuchagua

Rangi ya mafuta, iwe ya geti au ile ya vikopo vidogo inayouzwa kwa ajili ya modeli: hapana. Nimeshaeleza, na lile gazeti bado ninalo.

Laka ni kisa kingine. Mr. Color, au mfululizo wa LP wa Tamiya ambao una LP-65, yaani nyeusi ya mpira, hutumia thina kali inayolainisha uso wa vinaili kidogo, rangi ikapata pa kuingiza mizizi. Inashika vizuri sana. Udhaifu wake ni utando mgumu. Kwa tairi litakalovishwa rimu kwanza, likapakwa baadaye, na lisipindwe tena, laka iliyopulizwa nyembamba inafaa. Kwa mnyororo wa kifaru ni kujitafutia nyufa.

Akriliki zinazoyeyuka kwa alkoholi, kama X na XF za Tamiya, ziko katikati. XF-85 ndiyo nyeusi yao ya mpira, na naipenda kwa sababu si nyeusi hasa, ina ukijivu. Zikichanganywa na maji hushika kwa shingo upande. Zikichanganywa na thina ya laka ya kampuni hiyo hiyo, zinashika vizuri zaidi na hazigeuki kioo kama laka yenyewe. Kwa matairi hili ndilo chaguo langu la kila siku: sehemu moja ya rangi, sehemu mbili za thina, tabaka mbili au tatu zinazopulizwa kwa mbali, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Dirisha wazi, barakoa ya kuzuia mvuke usoni.

Akriliki za maji kama Vallejo zina sifa iliyogeuzwa. Utando wao unapinda vizuri, lakini mshiko ni dhaifu. Praima yao ya poliuretani husaidia iwapo uso ni msafi kweli. Iwapo si msafi, praima na rangi vitabanduka pamoja kama ngozi ya nyoka, na nimeuvua mnyororo mzima kwa mkono mmoja hivyo. Kwa brashi, rangi namba 306 ya mfululizo wao wa Panzer Aces, mpira mweusi, ni nzuri kwa mpira wa magurudumu ya kifaru, ambayo kwa kawaida ni plastiki ngumu na hayana matatizo haya.

Halafu kuna rangi ambazo hazikutengenezwa kwa modeli. Wamarekani wana makopo ya kufufulia viti na dashibodi za magari, kama Color Coat ya SEM. Resini yake imekusudiwa kupinda juu ya vinaili, na kwa mshiko pamoja na unyumbufu ni vigumu kuipita. Lakini thina yake ni kali kwa polistirini, kwa hiyo paka sehemu ikiwa peke yake, mbali na bodi, na iache ikauke kabisa kabla haijakutana na rimu. Shida kubwa zaidi ni kuipata. Makopo ya kupuliza hayapokelewi kwenye vifurushi vya kawaida vya posta vinavyosafiri kwa ndege, basi kama hakuna jamaa anayeagiza kontena, ni ndoto.

Kinachosafiri kirahisi ni chupa za akriliki za maji, na miongoni mwake zimo rangi za ngozi, zile wanazotumia vijana wanaochora raba. Angelus ndilo jina maarufu. Zimeumbwa kwa kiatu, kitu kinachokunjwa kwa kila hatua, na zikipakwa nyembamba juu ya vinaili safi zinapinda bila kulalamika. Kwa minyororo ya zamani nimehamia huko na sioni sababu ya kurudi. Kasoro yake ni kung'aa kidogo, nayo inatibika kwa vanishi ya akriliki isiyong'aa, ya maji vilevile.

Jaribu kwenye fremu

Kabla ya kupaka sehemu yenyewe, paka kipande cha fremu laini kilichooshwa vile vile. Kiache siku tatu. Kikunje mara kumi mahali pale pale, kikwaruze kwa ukucha, bandika tepu ya karatasi uing'oe kwa ghafla. Kikipita hayo, kiweke dirishani wiki mbili, halafu ukiguse kwa kidole kikavu. Kikinata hata kidogo, rangi hiyo haikufaa, hata kama siku ya tatu ilikuwa imara. Wiki mbili ni nyingi, najua. Miezi miwili na gazeti ni mingi zaidi.

Paka ikiwa imepinda

Hili ni la minyororo, na kama utasahau mengine yote, hili lishike. Mtu hulaza mnyororo mezani ukiwa umenyooka, anaupaka vizuri, unakauka, halafu anauzungushia gurudumu la mbele. Upande wa nje unatanuka, utando hautanuki, nyufa zinatokea papo hapo, kila moja imesimama wima kama meno ya kitana.

Geuza mpangilio. Unganisha ncha kwanza. Minyororo ya vinaili ya zamani ina vijipini unavyovipitisha kwenye matundu, kisha unaviponda kwa ncha ya bisibisi iliyopashwa moto. Asiyeamini pini hizo, na mimi ni mmoja wao, anaongeza uzi na sindano mahali patakapofichwa na bodi. Ukishaunganisha, vuta mnyororo juu ya chupa mbili au makopo mawili yaliyotenganishwa kwa kijiti, mduara wake ukikaribiana na wa magurudumu ya ncha. Paka hapo. Kila baada ya tabaka moja, sogeza mnyororo kidogo ili sehemu zilizonyooka nazo zipate zamu ya kupinda. Utando ukikauka mahali palipopinda, pakinyooka unabanwa badala ya kutanuliwa, na kubanwa unavumilia.

Kuhusu rangi yenyewe, minyororo si ya kutu nyekundu kama mabati ya jirani. Chuma kinachotembea kila siku ni cha kijivu cheusi chenye kahawia kidogo. XF-84 ya Tamiya, chuma cheusi, ni mwanzo mzuri. T-34, kifaru cha Kisovieti, ilivaa chuma kitupu. Sherman nyingi, vifaru vya Kimarekani, zilivaa vipande vya mpira, kwa mfano ile aina ya T48 yenye alama za V, na hapo uso mzima unaogusa ardhi ni rangi ya mpira, huku chuma kikibaki kwenye viungo vya pembeni tu. Angalia picha ya kifaru chako kabla ya kufungua chupa. Kwa ule mng'ao wa mahali chuma kinaposuguliwa, tumia unga wa penseli uliosagwa na kupakwa kwa kidole. Hauna utando, hauwezi kupasuka.

Ukitaka kuingiza uchafu kwenye mifereji kwa rangi iliyozimuliwa na tapentaini, funika kwanza kwa vanishi ya akriliki na utumie kidogo mno. Vinaili iliyovutwa na kulowa tapentaini inaweza kukatika usiku ukiwa umelala.

Herufi nyeupe

Nyeupe ndiyo inayosaliti, kwa sababu kilainishi huigeuza manjano. Stika za maji za kawaida nazo hazikai vizuri kwenye ukuta wa vinaili. Kama herufi zimeinuka, kalamu ya rangi ya akriliki ya maji, kama Posca yenye ncha nyembamba, inapitishwa juu yake kwa mkono mwepesi. Ukikosea, futa kwa kijiti cha meno chenye maji kabla haijakauka. Pita mara mbili nyembamba, kisha ipunguzie weupe kwa vumbi la kijivu. Maandishi meupe kama karatasi kwenye gari la mashindano yanamwambia mtazamaji kwamba gari halijatoka gereji.

Linda rimu

Jasho lile lile linaloharibu rangi linakula plastiki ngumu. Fungua boksi la seti ya Kimarekani ya miaka ya 1960 au 1970 ambayo matairi yalilala juu ya vioo vya plastiki vya gari, utakuta alama ya tairi imeyeyushwa ndani ya kioo, pamoja na mistari yake yote. Tairi lililovishwa kwenye rimu iliyo wazi linaweza kufanya hivyo miaka ikienda. Zungusha ukanda mwembamba wa foili ya jikoni pale tairi linapokaa, au paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa ikauke. Matairi ambayo hujayatumia yahifadhi kwenye mfuko wake, mbali na vioo na bodi.

Vumbi

Tairi halisi halibaki jeusi. Dawa zinazolinda mpira dhidi ya ozoni hupanda juu na kuacha ukahawia kwenye kuta za pembeni. Nalo kumbe linatoa jasho. Kwa hiyo hata tairi safi lipitie na kahawia hafifu ya unga.

Kwa gari la Safari vumbi si pambo, ndilo rangi yenyewe. Udongo mwekundu uliokauka juani, ukachujwa kwa soksi ya nailoni mara mbili tatu, ni unga bora kuliko nyingi za kununua. Usugue kavu kwa brashi laini kwenye mifereji, upulize unaozidi, kisha utonee alkoholi kidogo ushike. Kama gari limepita kwenye tope jeusi la mfinyanzi, changanya udongo huo na tone la vanishi ya akriliki na uuweke kwa kijiti, zaidi nyuma ya magurudumu kuliko juu yake, kwa sababu tairi linalozunguka hulirusha tope nyuma.

Na ile Datsun? Nilijaribu kuondoa rangi ya geti kwa sabuni, kwa ukucha, kwa wembe, nikaacha. Mwishowe nililiviringisha gari lote, tairi kwa tairi, kwenye sinia la vumbi jekundu lililochujwa. Ule ulimbo ulilishika vumbi kuliko gundi yoyote niliyowahi kununua. Chini bado linanata, lakini wageni wananiuliza nilitumia mbinu gani.